Sura ya Nne: Gazeti la Ghorofani

Desemba 1955 serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua kumfukuza Claudia Jones. Kilichobaki ni kujua apelekwe wapi. Kwa mujibu wa vyeti, kwao kulikuwa Trinidad, alikozaliwa tarehe 21 Februari 1915 katika mtaa wa Belmont, Port of Spain. Lakini Trinidad bado ilikuwa koloni la Uingereza, na gavana wake, Sir Hubert Rance, alipoulizwa alikataa katakata: mwanamke huyo angemletea matata. Ikabaki London. Mzaliwa wa koloni alihesabiwa raia wa himaya, na sheria ya wakati huo haikuwa na namna ya kumzuia asiingie. Nadhani maofisa walipiga hesabu kwamba mtu anayeweza kutikisa kisiwa kidogo chenye wafanyakazi wa mafuta na miwa angemezwa tu na jiji la mamilioni. Hesabu hiyo ilikuja kuwatokea puani.

Watu wapatao 350 walikusanyika Hotel Theresa, Harlem, kumuaga. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Desemba, akapanda meli Queen Elizabeth. Msomaji wa Tanzania anaikumbuka tarehe hiyo kwa jambo jingine: miaka sita kamili baada ya siku hiyo Tanganyika ilipata uhuru, na aliyekuwa abiria wa meli ile alikuwa mhariri wa gazeti la London lililofuatilia kwa karibu jinsi Afrika ilivyokuwa ikijikomboa.

Alipopanda meli alikuwa na umri wa miaka 40. Moyo wake ulikuwa mbovu na mapafu yameshalika. Ng'ambo alikokuwa anakwenda hakuwa na nyumba wala kazi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Claudia Vera Cumberbatch. Wazazi wake walihama Trinidad kwa sababu ya kakao. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya kakao iliporomoka, na waliokuwa na maisha ya kati kisiwani wakajikuta hawana kitu. Baba na mama walitangulia New York mwaka 1922, Claudia na ndugu zake wakafuata Februari 1924, akiwa anakaribia kutimiza miaka tisa. Harlem waliyoikuta ndiyo ile ya washairi na wanamuziki inayosifiwa vitabuni, lakini kwa mhamiaji wa kawaida ilikuwa pia Harlem ya kodi kubwa na vyumba vyenye unyevu. Mama yake alikwenda kushona katika kiwanda cha nguo. Siku moja homa ya uti wa mgongo ilimwangusha ghafla akiwa kwenye cherehani yake, akafa. Alikuwa na miaka 37, akaacha mabinti wanne.

Nimesoma mara nyingi maelezo ya watu wanaosema siasa ya Claudia ilitokana na vitabu vya Marx. Mimi naona ilianzia kwenye cherehani ile. Alipomaliza sekondari, familia haikuweza kumudu hata gharama za kawaida za mahafali. Akiwa na miaka 17 akaugua kifua kikuu, akalazwa karibu mwaka mzima katika hospitali ya wagonjwa wa mapafu. Huko alipata muda wa kusoma ambao msichana maskini wa Harlem asingeupata kwingine. Alitoka akiwa hai, ila mapafu hayakurudi yalivyokuwa. Mtihani wa shule alikuwa ameushinda vizuri, lakini kazi zilizokuwa wazi kwa msichana mweusi zilikuwa za dobi, kiwandani na dukani. Alizifanya zote.

Uandishi ulianza kama kazi ya pembeni: safu katika gazeti la weusi la Harlem. Kisha likaja suala la vijana wa Scottsboro. Mwaka 1931, jimboni Alabama, vijana tisa weusi walikamatwa kwa kusingiziwa kwamba wamewabaka wanawake wawili wa kizungu ndani ya treni ya mizigo. Nane kati yao walihukumiwa kifo kwa haraka ya kutisha. Waliojitokeza mapema kuwawekea mawakili na kulipigia kelele suala hilo duniani walikuwa wakomunisti. Kwa kijana wa Harlem aliyekuwa anatafuta nani yuko upande wake, hilo lilitosha. Mwaka 1936 Claudia akajiunga na umoja wa vijana wa Chama cha Kikomunisti. Mwaka uliofuata akaingia chumba cha habari cha Daily Worker, na mwaka 1938 akawa mhariri wa jarida la vijana lililoitwa Weekly Review. Alikuwa na miaka 23. Jina la Jones alilichukua kujificha machoni pa wapelelezi. Halikumficha sana, kwani faili lake katika idara ya upelelezi ya FBI lilikuja kuwa nene.

Hapo ndipo alipopata ufundi. Wengi wanamkumbuka kama mwanaharakati na kusahau kwamba kwa miaka 15 na ushee alikuwa mtu wa chumba cha habari: kupanga kurasa, kukata habari ndefu, kugombana na kiwanda cha uchapaji, kufunga toleo usiku. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alihariri jarida la Spotlight. Mwaka 1945 akawa mhariri wa masuala ya watu weusi katika Daily Worker. Mwaka 1949 akaandika makala iliyomjengea jina mpaka leo, kuhusu jinsi hata wanaojiita wapigania haki wanavyompuuza mwanamke mweusi. Hoja yake ni kwamba mwanamke huyo anaumizwa mara tatu kwa mpigo: kwa rangi yake, kwa uanamke wake na kwa kuwa ni mfanyakazi wa mshahara mdogo. Na hakuwaonea haya wenzake. Aliwasema makomredi wa kizungu wanaohubiri usawa mkutanini huku nyumbani wana mtumishi mweusi wanayemwona si lolote. Wasomi wa vyuo vikuu walikuja kuipa hoja hiyo jina na kuijengea nadharia miaka 40 baadaye.

Uraia wa Marekani aliuomba, akanyimwa. Hiyo ndiyo kamba iliyomfunga. Kuanzia Januari 1948 akawa mtu wa kukamatwa na kuachiwa, akishikiliwa Ellis Island, kisiwa ambacho miongo michache nyuma kilipokea wahamiaji kwa mamilioni. Mwaka 1951 alishtakiwa pamoja na viongozi wengine wa chama kwa kosa la kula njama ya kufundisha na kuhimiza serikali ipinduliwe kwa nguvu. Kitendo alichotajiwa kwenye hati ya mashtaka kilikuwa makala: ilihusu wanawake na amani. Alipopewa nafasi ya kusema kabla ya hukumu, aliwaambia kwamba upande wa mashtaka haukuthubutu kuisoma makala hiyo kwa sauti mahakamani. Akapewa mwaka mmoja na siku moja. Aliingia gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, Januari 1955, akatoka Oktoba kabla ya muda wote kuisha, afya ikiwa taabani. Wiki chache baadaye alikuwa melini.

London ilimpokea kwa baridi ya aina mbili. Kwanza ile ya hewa, ambayo mtu mwenye mapafu mabovu huihofia kuliko polisi. Ya pili ni ya makomredi wenzake. Chama cha Kikomunisti cha Uingereza hakikujua kimfanyie nini mwanamke mweusi aliyekuwa ngazi za juu katika chama cha Marekani na aliyezoea kusikilizwa. Alipewa shughuli ndogondogo. Lazima niseme pia kwamba yeye mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuhoji upande wake. Mwaka 1956, wakati vifaru vya Kisovieti vilipoingia Hungary na waandishi kadhaa wa Kiingereza wakarudisha kadi za chama, Claudia alibaki na yake, na alibaki nayo mpaka kufa. Mtu aliyeona kwa makini hivyo unyanyasaji wa mtumishi wa ndani New York hakuutazama kwa makini hayo hayo unyanyasaji wa Moscow. Hilo ni doa, na wapenzi wake wengi hulipita haraka.

Lakini aliona jambo ambalo chama hakikuliona. Tangu meli ya Empire Windrush ilipotia nanga mwaka 1948, watu wa Karibiani walikuwa wakiingia Uingereza kwa maelfu. Mwaka 1956 shirika la usafiri la London lilianza kuajiri moja kwa moja kutoka Barbados, na makondakta weusi wakawa sura ya kila siku kwenye mabasi mekundu. Kazi zilikuwepo. Vyumba ndivyo vilivyokuwa taabu: tangazo la chumba cha kupangisha lilisema bila haya kwamba watu weusi wasigonge. Mhamiaji huyo akirudi jioni kutoka kazini, gazeti lililomhusu yeye halikuwepo. Magazeti ya London yalimwandika kama tatizo. Magazeti ya kwao Kingston au Port of Spain yalifika yakiwa yamechakaa, na kila moja lilikuwa la kisiwa chake.

Hapo kwenye kisiwa ndipo penye jambo. Huko kwao hapakuwa na mtu aliyejiita wa Karibiani. Palikuwa na Mjamaika, Mtrinidad, Mbarbados, na kila mmoja akimdharau mwenzake kidogo. Umbali wa Kingston na Port of Spain unazidi ule wa Dar es Salaam na Kigali, bahari tupu katikati. London walikutanishwa na mwenye nyumba wa Kiingereza, aliyewafungia mlango wote bila kuuliza kisiwa. Januari 1958 makoloni kumi ya visiwani yaliunganishwa kuwa Shirikisho la West Indies. Miezi miwili baadaye, Machi 1958, Claudia akatoa toleo la kwanza la West Indian Gazette, gazeti la kila mwezi.

Huwa linatajwa kama gazeti kubwa la kwanza la watu weusi Uingereza. Neno "kubwa" hapo lina kazi, maana mwaka 1912 Dusé Mohamed Ali, mtu wa Misri, alishaanzisha African Times and Orient Review hukohuko London. Tofauti ni msomaji. Dusé aliwaandikia wasomi na wanasiasa wa himaya nzima. Claudia alimwandikia kondakta wa basi na nesi.

Ofisi ilikuwa namba 250 Brixton Road, ghorofani. Mahali pa namna hiyo panafahamika kwa yeyote aliyewahi kupita kwenye gazeti dogo: ngazi nyembamba, vyumba vya kubanana, marundo ya matoleo yaliyopita, simu ambayo bili yake haijulikani kama italipwa. Ilimbidi mwenye ugonjwa wa moyo azipande ngazi hizo kila siku. Kwenye bodi ya uhariri alikuwepo Amy Ashwood Garvey, mke wa kwanza wa Marcus Garvey, mwanamke aliyekuwa amefanya biashara na siasa katika mabara matatu. Abhimanyu Manchanda, mwanaharakati kutoka India aliyekuwa mwenzi wa Claudia, alishughulikia uendeshaji. Waandishi kama Samuel Selvon, George Lamming, Jan Carew na Andrew Salkey, ambao leo wanafundishwa vyuoni, walichangia. Na palikuwa na vijana wa kujitolea. Mmoja wao, Donald Hinds kutoka Jamaica, alikuwa kondakta wa basi. Akimaliza zamu, aliandika habari. Baadaye aliandika kitabu kuhusu wahamiaji na akawa shahidi mkuu wa mambo yaliyotokea katika ofisi ile.

Tuzungumze pesa, kwa sababu sura nyingi kuhusu Claudia hazizungumzi. Gazeti halikuwa na mtaji. Chama hakikulifadhili vya maana. Makampuni makubwa ya sabuni na sigara, yaliyokuwa yakilisha magazeti ya Kiingereza, hayakuona faida ya kutangaza kwa watu weusi. Kilichobaki ni matangazo ya wafanyabiashara wadogo wa jamii yenyewe: mawakala wa safari za meli, wauza sahani za muziki, wasusi, wenye vyumba. Wafanyabiashara hao walikuwa wachache na wenyewe walikuwa wanajitafuta. Mauzo yalitegemea mikono ya watu, gazeti likipitishwa saluni, kwenye mikutano na njiani. Inasemekana lilipofika kileleni lilichapisha nakala 15,000, idadi inayoheshimika kwa jarida la mwezi la jamii changa, lakini nakala inayouzwa na mtu wa kujitolea hela yake huchelewa kurudi, na mchapaji haelewi habari ya kuchelewa. Mishahara ilikuwa ya kubahatisha. Kuna miezi gazeti lilitoka nje ya wakati. Mwaka 1960 Paul Robeson, mwimbaji aliyekuwa rafiki yake tangu New York, aliimba katika onyesho la kulichangia. Mchango wa rafiki maarufu unaokoa mwezi. Mwaka mzima ni jambo jingine.

Kwa kipimo cha mhasibu, basi, biashara hii haikusimama hata siku moja. Nashikilia hata hivyo kumwita mjasiriamali, na sababu yangu ni iliyotokea miezi mitano tu baada ya toleo la kwanza.

Mwishoni mwa Agosti 1958, kwanza Nottingham kisha Notting Hill, magharibi ya London, makundi ya vijana wa kizungu yalianza kuwasaka watu weusi mitaani. Notting Hill iliwaka karibu wiki nzima. Mamia walikusanyika usiku wakivunja madirisha ya nyumba za wahamiaji, wakiwa na chupa na minyororo. Magazeti makubwa yalijadili kama uhamiaji upunguzwe. Ofisi ile ya ghorofani iligeuka kuwa mahali pa kukimbilia: mtu aliyepigwa, mtu ambaye mwanawe amekamatwa, mtu anayetaka tu kujua leo ni salama kurudi kazini kwa basi gani. Ilikuja pia barua ya matusi kwa jina la Ku Klux Klan, na Claudia akaichapisha gazetini ili wasomaji waone wenyewe wanaandikiwa nini. Huo ulikuwa uamuzi wa mhariri mzoefu. Mhariri mwoga angeipeleka polisi na kunyamaza.

Miezi michache baadaye, baridi imeshaingia, wakakaa kikao. Donald Hinds amesimulia kwamba Claudia aliuliza wafanye nini ili watu waondokewe na uchungu wa Notting Hill mdomoni. Mmoja akasema kanivali. Wengine wakacheka. Kanivali ya Trinidad ni ya jua, ya mtaani, ya watu waliovaa nusu nguo, na wao walikuwa London kwenye giza la saa kumi jioni. Claudia hakucheka. Aliuliza kwa nini isifanyike ndani ya ukumbi.

Ikafanyika tarehe 30 Januari 1959, katika ukumbi wa St Pancras Town Hall. Nawaomba wasomaji wenye uzoefu wa kuandaa shughuli waitazame orodha hii kwa jicho la kibiashara. Mwongozaji wa onyesho alikuwa Edric Connor, mwimbaji na mwigizaji wa Trinidad aliyekuwa na jina Uingereza nzima. Aliimba Cleo Laine, nyota wa jazi. Aliimba Mighty Terror, bingwa wa kalipso. Kikundi cha ngoma cha Boscoe Holder kilicheza. Pakawa na shindano la malkia wa kanivali, katika nchi ambayo mashindano yake ya urembo hayakumfikiria msichana mweusi kabisa. BBC ikarusha onyesho kwenye televisheni. Pakawa na kijitabu cha kumbukumbu cha kuuzwa, na ndani yake maelezo kwamba sehemu ya mapato itasaidia kulipa faini za vijana, weusi kwa weupe, waliotiwa hatiani katika fujo za Notting Hill.

Yaani ndani ya mwaka wake wa kwanza, gazeti lisilo na mtaji lilikuwa limepata tamasha lililobeba jina lake, likaingia televisheni ya taifa na likakusanya hadhira ambayo hakuna aliyejua ipo. Tamasha likarudiwa kila mwaka katika kumbi mbalimbali, likafika mpaka Manchester. Makampuni ya habari ya leo yanapoishi kwa matamasha kwa sababu mauzo ya nakala yamekauka, yanatumia mbinu ambayo Claudia aliitumia akiwa hana mahali pengine pa kushika. Na ndani ya ukumbi ule Mjamaika alimshangilia mwimbaji wa kalipso wa Trinidad kama wa kwao. Lile Shirikisho la serikali lilivunjika mwaka 1962 baada ya Jamaica kupiga kura ya kujitoa. Wasomaji wa Gazette waliendelea kujiita watu wa Karibiani, na watoto wao bado wanajiita hivyo.

Tarehe 17 Mei 1959 Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu na vijana wa kizungu Notting Hill akitembea kwenda nyumbani. Hakuna aliyehukumiwa mpaka leo. Watu zaidi ya 1,000 walimzika. Claudia na Amy Ashwood Garvey walikuwa miongoni mwa walioongoza kuidai serikali majibu. Kuanzia hapo gazeti lilibeba mambo mawili kwa pamoja: habari za mtaani na vita ya sheria ya uhamiaji, iliyokuja kupitishwa mwaka 1962 na kufunga mlango ule ambao yeye mwenyewe aliupitia. Jina lake nalo lilirefuka, likaongezwa habari za Afrika, Asia na Karibiani. Ghana, Congo, Kenya, Afrika Kusini: kilichotokea kule kiliwekwa kando ya kilichotokea Brixton, na msomaji akaachiwa aone uhusiano. Tarehe 31 Agosti 1963, siku chache baada ya Martin Luther King kuhutubia Washington, Claudia alikuwa miongoni mwa waandalizi wa maandamano ya kuunga mkono hadi ubalozi wa Marekani London.

Mwaka 1964 alikwenda Japani kwenye mkutano wa kupinga silaha za nyuklia, kisha China, ambako alikutana na Mao. Nchi iliyomlea ilimkataza kurudi. Nyingine zilimkaribisha kama mgeni wa heshima. Desemba mwaka huohuo King alipita London akielekea Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel, na Claudia aliandika tahariri kuhusu ziara hiyo. Ilikuwa ya mwisho. Usiku wa kuamkia Krismasi moyo ulisimama akiwa peke yake kitandani, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 49. Majivu yake yalizikwa Februari 1965 katika makaburi ya Highgate, kushoto mwa kaburi la Karl Marx, na yalikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 1984.

Gazeti lilimfuata haraka. Yalitoka matoleo machache mwaka 1965, kisha basi. Hapa ndipo ninapomlaumu kama mwenye kampuni. Miaka saba karibu kila kitu kilipita kwake: tahariri, wafadhili, madeni, jina. Alijua kwamba moyo wake hautamfikisha mbali, na hakumwandaa mtu wa kupokea. Inawezekana hakuwa na wa kumwandaa, kwa kuwa anayefanya kazi bila mshahara hawezi kuahidi kesho. Vyovyote ilivyokuwa, hadhira ilibaki bila gazeti.

Kanivali iliendelea bila yeye, na hapo wanahistoria hugombana. Mwaka 1966 Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii wa Notting Hill, aliandaa sherehe ya mtaani, na bendi ya Russell Henderson ya ngoma za chuma ikatoka kuzunguka barabarani huku watu wakiifuata. Huo ndio mzizi wa sherehe inayojaza Notting Hill kila mwisho wa Agosti. Wanaosema Claudia hakuanzisha kanivali ya mtaani wako sahihi kabisa. Wanaosema aliwazoeza watu wa London kuona kanivali yao inaweza kufanyika Uingereza wako sahihi pia, na sioni kwa nini mmoja amnyang'anye mwenzake. Posta ya Uingereza ilimweka Claudia kwenye stempu mwaka 2008.

Agosti 1982, mwaka mmoja baada ya Brixton kuwaka kwa ghasia, mhamiaji mwingine, Val McCalla wa Jamaica, alizindua gazeti la The Voice, na toleo la kwanza likauzwa katikati ya umati wa kanivali ya Notting Hill. McCalla alikuwa na mkopo wa benki ya Barclays. Alikuwa pia na kitu ambacho Claudia hakuwahi kukiona hata ukurasa mmoja: halmashauri za miji, zilizotikiswa na ghasia, zilikuwa zinatafuta waombaji kazi weusi, na zililipia matangazo ya nafasi za kazi wiki baada ya wiki. The Voice lilipata faida.